Mchi Kwenye Buti

Mimi si mtu wa kutoka. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu anasoma kila ninachoandika, na nisipolisema mimi atalisema yeye, tena kwa sauti. Wenzangu niliokuja nao Stockholm kwa mafunzo walipokuwa wanakwenda kuona bahari iliyoganda, kuona jumba la mfalme, kuona na mengine ambayo hayaandikwi, mimi nilikuwa Hässelby, ghorofa ya tatu, nimevaa soksi mbili mbili, napika vitumbua. Waswidi wana kikaango chenye vishimo saba vya mviringo. Wao wanakipikia vijichapati vya maziwa. Siku niliyokiona dukani nilijua nchi hii nitaishi.

Watu huniuliza, mtu kama wewe gari ulilitakia nini? Nawajibu: nililinunua ili nisitoke. Mwenye gari anaondoka nyumbani amekaa na anafika amekaa. Hilo ni jibu la barazani. Jibu la kweli ni kwamba nililiandika kwanza, kisha ikabidi nilitafute.

Nilikuwa nimeoa Dar es Salaam, nikakaa na mke wangu wiki tatu, nikapanda ndege. Mafunzo ya useremala yalikwisha, nikapata kazi katika karakana ya samani kule Vällingby, miaka miwili ikapita kwa barua. Na barua kutoka Ulaya si mali ya aliyeandikiwa. Kwao ilikuwa inasomwa sebuleni baada ya chakula, msomaji akiwa kaka yake mkubwa, karani wa serikali, mtu mwenye miwani na mashaka. Nikijua nasomwa na watu kumi na moja, kalamu yangu ikawa inanenepa. Barua moja nikasema natafuta gari. Iliyofuata nikasema nimelipata. Iliyofuata nikasema: "Utashuka kwenye ndege, utapanda gari lako, hutakanyaga theluji hata hatua tatu. Ni gari zuri, halijawahi kunisumbua hata siku moja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, maana nilikuwa bado sijalinunua.

Jibu lake ninalo mpaka leo. "Kaka anasema maneno yako yana mafuta mengi. Amesema nikishuka nikakuta gari hakuna, au lipo lakini haliendi, basi nisifungue sanduku. Nimwandikie tu, atanitumia tiketi ya kurudi. Na mimi nimekubali. Mkeo akupendaye."

Nikanunua gari.

Lilikuwa limezaliwa siku zile Waswidi bado wanaendesha kushoto kama sisi. Lilikuwa na mgongo wa kobe na rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa kwenye kikombe. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine, mnene kuliko mimi, na kila nikikaa nilijihisi mgeni mapajani mwake. Lakini liliwaka. Mwezi mzima wa Novemba, ukiugusa ufunguo linaitika kama mtoto wa mwalimu. Kisha ikaingia Desemba, zikabaki wiki tatu mke wangu afike, na asubuhi moja nikageuza ufunguo likanijibu "nyeee," kama mtu anayeamshwa kwenda kisimani, likanyamaza.

Sasa, nina elimu ya sekondari. Fizikia nilifanya mpaka kidato cha nne, na kwenye mtihani tulichorewa betri, nyaya mbili na balbu, tukaulizwa: kwa nini balbu haiwaki? Nilipata alama nzuri. Nikafungua boneti nikiwa na imani hiyo. Nilitazama injini kwa muda unaostahili, nikagusa hiki na kile kwa kidole kimoja, nikafunga boneti, nikapanda treni.

Jioni nikamwita mtani wangu.

Huyu alikuwa Mnyamwezi, fundi wa umeme wa mabasi, tuliyefika naye mwaka mmoja, akikaa Vällingby. Mimi Mzaramo. Msomaji wa kwetu ameshacheka. Kwa asiyejua nitasema kwa kifupi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu mababu wa Wanyamwezi, wapagazi, walipokuwa wanafika pwani kwetu na pembe za ndovu begani. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako na ukamkaribisha chakula. Anaweza kukuvua kofia kichwani, akaondoka nayo, na usiipate mpaka uikomboe. Kukasirika ni mwiko. Baridi ya mwaka uliotangulia alinikamatia kofia yangu ya manyoya, ya pekee, nikaenda kazini siku nne nimejifunga taulo, mpaka nikampikia pilau.

Hapo ndipo penye ugumu ambao hakuna kitabu cha magari kilichouandika. Fundi wako akiwa mtani wako, huwezi kujua lini anatibu na lini anatania.

Alikuja na kisanduku chake cha vyuma, akazunguka gari mara mbili, akatikisa kichwa.

"Halina ugonjwa hili," akasema. "Limeona tajiri wake ni Mzaramo, likasema kumbe kufanya kazi si lazima."

"Fungua boneti, mpagazi. Hukuitwa kuhutubia."

"Nitaifungua. Lakini ujue dawa yake ni kulipigia ngoma. Nyinyi si mnapigiwa ngoma ndio mnainuka?"

Huku akiongea hivyo mikono ilikuwa inafanya kazi. Alitoa plagi akazipiga msasa, akafuta koili kwa kitambaa kikavu, akasugua platini, akaazima umeme wa gari la mtu aliyekuwa anapita. Likawaka. Nikampa vitumbua. Asubuhi: nyeee, kimya. Akarudi. Safari hiyo alipopiga stata, ile mota ya kuamshia injini, ikatoa sauti moja tu, "tk," akaingiza mkono chini akaigonga kwa mpini wa nyundo, ko ko, ikazunguka. "Na hii stata yako nayo ina usingizi," akasema. "Gari zee lina maradhi mawili siku zote, moja linajificha nyuma ya jingine." Niliyachukulia maneno hayo kuwa methali ya Tabora.

Mara ya tatu akaja mchana, na sura ya kazi. Akaniambia nizime kila kitu, akachomoa waya mmoja wa betri, kisha akaugusisha tena pale pale pole pole. Cheche. Akagusisha tena. Cheche.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umezima kila kitu?"

"Kila kitu."

"Basi humu mna mtu anakula. Gari limelala, watu wote wamelala, yeye anakula." Akaanza kutoa fyuzi moja moja, na kila akitoa anagusisha waya. Cheche, cheche, cheche. Alipotoa ya nne, cheche ikakata. Akasimama wima, akajifuta mikono, akanitazama kwa furaha ambayo sikuipenda. "Njia ya taa za ndani. Ya darini imezimika, naiona. Imebaki ya nyuma. Mlaji yuko kwenye buti. Fungua buti, Mzaramo."

Na buti ndilo hasa nisiloweza kulifungua.

Inabidi nieleze. Mke wangu alikuwa ameniuliza kwenye barua, "Huko mnatwangia nini?" Nikamjibu asihangaike kubeba kinu, nitamwandalia. Hili sikuliandika kwa ajili ya sebule. Niliandika pembeni, herufi ndogo. Pale karakana tulikuwa na mashine ya kukerezea mbao, na kwa muda wa chakula cha mchana, wiki mbili, nilikereza kinu kutoka kwenye gogo la ule mti wao mweupe wenye gome kama karatasi. Msimamizi wangu, Mswidi mpole wa maneno machache, alisimama akatazama.

"Ni nini?"

"Chombo cha maua."

"Na fimbo hii?"

Nilikuwa nashughulikia mchi, mrefu wa kunifika kifuani. "Ya kuegemeza ua."

Akafikiri. "Ni ua kubwa," akasema, akaenda zake.

Nyumbani sikuweza kukiweka, kwa sababu mtani alikuwa akiingia kwangu anafungua kabati kama mtu wa forodha. Angekiona angekikamata, na mke wangu angekuta kinu chake ni mateka Vällingby. Kwa hiyo nikakificha kwenye buti. Kinu kiliingia kwa kulala ubavu. Mchi ulikuwa na maringo. Niliulaza kimshazari, kifuniko cha buti kikashuka, kikabakiza upenyo wa vidole viwili. Nikakikaza kwa kamba. Hiyo ilikuwa ile ile wiki ya kwanza ya Desemba. Kama wewe msomaji umeshajumlisha, hongera. Kidato cha nne hatukufika hapo.

"Buti halifunguki," nikamwambia mtani.

"Si nafungua kamba tu?"

Nikaenda nikakaa juu yake. Kulikuwa na theluji ya shibiri moja juu ya kifuniko, nikaikalia.

"Unaficha nini humo? Maiti?"

"Nguo chafu."

"Nguo chafu zinakula umeme?"

"Mpagazi, wewe tangu uione kamba hii una hamu ya kuchungulia. Sasa umejitungia na mlaji. Cheche zako nimeziona, ni hodari, lakini mimi ni mtani wako, si mtoto wako."

"Wallahi safari hii sitanii."

"Ndivyo ulivyosema ulipochukua kofia."

Akarudi nyuma hatua moja. Akanitazama nilivyokaa, maji ya theluji yananipanda kwenye suruali, meno yanagongana. "Kuku anayeatamia," akasema taratibu. "Haya, atamia. Kitakachototolewa tutakiona." Akarudisha fyuzi, akafunga kisanduku chake akaenda zake kupanda treni. Nilibaki pale mpaka alipopotea kwenye kona, kisha nikajaribu kuinuka nikagundua kuwa suruali imeshikana na gari.

Niliamua kujitibia mwenyewe. Nadharia yangu ilikuwa baridi. Kila kiumbe kinachotoka nje Desemba kinaumia, mimi wa kwanza. Kwa nini betri isiumie? Nikaifungua jioni, nikaibeba mpaka ghorofa ya tatu, nikaiweka jikoni juu ya gazeti karibu na jiko, nikaifunika blanketi. Asubuhi nikaiteremsha, nikafunga nyaya, nikageuza ufunguo. Gari likaitika! Nilirudia siku ya pili: likaitika. Siku tano mfululizo nililaza betri ndani na siku tano liliwaka, na mimi nikajiona daktari. Ulikuwa ushahidi kamili. Ikilala nje inakufa, ikilala ndani inapona. Mwuaji ni baridi. Nilitamani mwalimu wangu wa fizikia anione.

Tatizo lilikuwa mgongo. Betri ni nzito kama mtoto wa miaka minne asiyetaka kwenda shule, na maji yake yalinitoboa suruali ya pili, ya kwanza ikiwa imechanika pale nilipoiacha kwenye buti. Zaidi ya hapo, nilijiuliza: ndege ikichelewa, gari likasimama uwanjani saa tatu kwenye baridi, nitafanya nini? Nimpokee mke niliyemkosa miaka miwili huku nimepakata betri kifuani?

Simu ya maandishi ikaja: anafika Jumapili mchana.

Ijumaa usiku hewa ikageuka. Ilikuwa joto, kwa joto la huko. Theluji ilikuwa inadondoka kutoka mapaa, maji yanatiririka mitaroni. Nikasema, leo mwuaji amesafiri. Nikaiacha betri garini kwa ajili ya jaribio la mwisho, nikalala mgongo umenyooka.

Jumamosi asubuhi nikageuza ufunguo. Hata ile "nyeee" haikuja.

Nilikaa kwenye lile bonde la mtu mnene, mikono kwenye usukani. Nadharia yangu ilikuwa imekufa pamoja na gari. Kesho saa kama hii mke wangu atakuwa angani juu ya nchi ambazo sizijui, sanduku limefungwa kamba, na kaka yake ameshauliza bei ya tiketi ya kurudi. Si gari lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba yule karani mwenye miwani alikuwa amenisoma sawasawa.

Kioo kikagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya kwanza, Mswidi mjane, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tumesalimiana kwa kichwa tu, kwa sababu kwao kumsemesha jirani bila sababu ni kama kumwingilia bafuni. Nikateremsha kioo.

"Samahani sana kukusumbua," akasema. "Nilitaka tu kusema pole kwa taa yako."

"Taa gani, bibi?"

"Ya nyuma. Imezimika alfajiri. Nilikuwa naiona karibu kila siku kutoka jikoni kwangu. Ilikuwa inapendeza sana, mwanga mdogo tu, pale chini ya kifuniko."

Mimi madirisha yangu yalitazama upande wa pili, kwenye misonobari. Na giza likishaingia saa tisa alasiri, nikitoka ni mbele kwenye boneti tu, nyuma sikuzunguka.

"Tangu lini umeiona?"

"Tangu mwanzo wa Desemba. Sisi huweka taa dirishani kwa Majilio, wiki za kungojea Krismasi, unajua. Nikampigia simu dada yangu, nikamwambia, jirani yangu Mwafrika hana taa ya dirishani, lakini ameweka kwenye gari lake. Tulifurahi sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alishangaa kweli kweli. "Lakini lilikuwa jambo lako."

Akaondoka na mkoba wake. Nikateremka, nikafungua kamba, nikainua kifuniko. Pembeni kulikuwa na kitufe kidogo ambacho kifuniko kikishuka sawasawa hukibonyeza, na taa huzimika. Kwa upenyo wa vidole viwili kilikuwa hakibonyezwi. Balbu ilikuwa ya ukubwa wa tende. Ilikuwa imekaa humo wiki tatu inamulika kinu changu usiku na mchana, kasoro zile siku tano ambazo chakula chake kililala jikoni kwangu, chini ya blanketi. Shuleni tulifundishwa kutafuta kwa nini balbu haiwaki. Hakuna aliyetufundisha kutafuta balbu inayowaka.

Nikaichomoa. Kisha nikawaza kama mwanamume: mtani si lazima ajue. Nitapandisha kinu juu haraka, nitakificha chini ya kitanda, nitamwita aje kutia betri umeme, nitasema taa ya buti nimeiona mwenyewe, kwa akili yangu. Nikajitwika kinu begani, mchi nikaushika mkono wa pili, nikaanza ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Jasho linanitoka, napumua kama ng'ombe. Nikasikia mlango wa chini unafunguka, na nyayo zinapanda mbili mbili, za mtu aliyezoea ngazi zangu.

Mtani, aliyekuja bila kuitwa, akanikuta kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Akasimama. Kisha alikaa kwenye ngazi kabisa, akaweka kisanduku chini, akakunja mikono.

"Endelea," akasema. "Usinijali. Nataka tu kutazama. Babu zangu walitembea miezi mitatu na mizigo, Wazaramo wamekaa chini ya kivuli wanacheka. Nimengoja miaka mia kuona hili. Endelea, mpagazi."

"Nisaidie basi."

"Aka! Nikusaidie? Mzigo unakupendeza. Shingo imekaa vizuri." Kisha macho yake yakakiona vizuri nilichobeba, uso ukabadilika. "Hicho kinu?"

"Cha mke wangu."

"Kilikuwa kwenye buti."

"Kilikuwa kwenye buti."

"Na buti lilikuwa halifungi. Na taa..."

"Ilikuwa inawaka, ndiyo. Ulisema kweli. Umefurahi?"

Alicheka mpaka bibi wa ghorofa ya kwanza akafungua mlango wake kidogo akaufunga tena. Alicheka akashika ukuta. Alipomaliza, alinyoosha mkono akauchukua mchi kutoka mkononi mwangu, polepole, kwa heshima, kama askari anayechukua silaha ya aliyeshindwa.

"Huu nimeukamata," akasema.

"Mtani, tafadhali. Kesho anafika."

"Atakuja kuukomboa mwenyewe. Wewe hukomboi tena. Ulikalia ukweli mpaka suruali ikaganda." Akateremka, akaing'oa betri, akaitia kwenye mfuko wa turubai kwenda kuitia umeme kwao. Mara ya mwisho nilipomwona siku hiyo alikuwa anaelekea stesheni, betri mkono wa kushoto, mchi begani, na Waswidi wanampisha njia bila kumtazama, kwa adabu yao ile ile.

Jumapili alifika amevaa suti. Kisanduku cha vyuma hakuja nacho. Alisema hapokei bibi harusi na spana. Mchi alikuja nao. Akafunga betri, nikageuza ufunguo, gari likaunguruma kabla sijamaliza kusema bismillahi. Njia nzima hadi uwanja wa ndege alikaa nyuma, mchi katikati ya magoti, akinisifu jinsi ninavyoendesha polepole. "Usiogope kuchelewa," akasema. "Miaka miwili amengoja, na nusu saa atangoja."

Ndege ilichelewa saa mbili. Mimi kila baada ya dakika kumi nilitoka kwenda kulitazama gari, nikaligusa boneti, nikarudi. Hatimaye mlango ukafunguka wakaanza kutoka watu, na katikati yao mke wangu, ndani ya koti kubwa la mtumba lililomfika kwenye vifundo, sanduku limefungwa kamba kama nilivyojua litafungwa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandaa miaka miwili. Yeye alitupa macho kwangu, kisha akayahamishia kwa mwanamume mwenye suti na mchi, yakabaki hapo.

"Huo mchi wa nani?" Ndilo neno lake la kwanza katika nchi ya Uswidi.

"Wako, shemeji," akasema mtani. "Lakini nimeukamata. Mumeo alikuwa anaubeba kama mpagazi."

"Wewe mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Ah," akasema mke wangu, na uso wote ukakunjuka. "Nilishangaa. Nikasema Ulaya pamewaharibu, mtu anavaa suti halafu anashika mchi kama mwanga anayekwenda kuwanga. Kumbe ni Mnyamwezi. Basi ubebe na sanduku, si ndio kazi yenu?"

Akalibeba. Nilikuwa nimemtafutia mtani wangu neno la kumnyamazisha kwa miaka miwili, na mke wangu alikuwa hajafungua hata vifungo vya koti. Kisha ndipo akanigeukia mimi, akanitazama kutoka kofia hadi viatu. "Umenenepa," akasema. "Gari liko wapi?"

Lilikuwa hatua arobaini. Zile tatu za barua hazikutimia. Akalizunguka. Akaligusa mgongo. Sanduku likaingia kwenye buti, kifuniko kikashuka, kikafunga "tap," na nilijivunia sauti hiyo kama mtu aliyeivumbua. Tukaingia. Yeye mbele, mtani nyuma. Nikageuza ufunguo.

"Tk."

Nikageuza tena. "Tk."

Nilimsikia kaka mtu, kule sebuleni kwao, anasafisha miwani yake. Mke wangu alitazama mbele tu, mikono mapajani. Hakuwa amefungua vifungo.

"Stata," akasema mtani kutoka nyuma. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha. "Betri ni nzima. Ni ile stata yenye usingizi. Inataka kugongwa." Akatafuta chini ya kiti kisanduku alichokiacha nyumbani kwa ajili ya suti. Akautazama mchi.

Wakatoka. Nikabaki kwenye usukani nimeamriwa kushika ufunguo. Boneti ikafunguliwa, sikuona kitu ila chuma na anga la kijivu, lakini nilisikia.

"Unaingia hapa, katikati ya hivi vyuma. Kile cha mviringo kule chini. Ugonge kidogo kidogo, ngoja, nitaugonga mimi."

"Lete."

"Shemeji, ni fundi..."

"Wewe unajua kutwanga? Lete huo mchi, uone unavyoshikwa."

Kisha zikaja, ko, ko, ko, laini, zenye mwendo, mapigo ya mtu aliyetwanga tangu ana miaka saba na anajua kukoboa mpunga bila kuuvunja. "Washa!" akapaza sauti. Nikageuza, na gari likanguruma, nami kwa mshangao nikaachia klachi, likaruka kama mbuzi, likazimika. Kutoka nyuma ya boneti nikamsikia mtani: "Hilo sasa si la gari."

Ko, ko, ko. "Washa, bwana, na ukae tulivu!"

Likawaka, likakaa. Boneti ikafungwa. Mke wangu alirudi kwenye kiti chake ameushika mchi wake, pua imepata rangi, na mtani nyuma mikono mitupu. Alikuwa ameunyang'anywa bila kupikiwa hata ugali. Mke wangu alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja kwa sababu ya joto.

"Gari lipo," akasema. "Twende."

Jumatano nilimkuta mezani jikoni anaandika, mkono wa kushoto umefunika karatasi kama mtoto wa shule. Nikamwuliza anamwambia nini kaka yake. Akasema, ukweli. Nikamwuliza, ukweli upi? Akasema niende nikapike vitumbua.

Jibu lilikuja Februari, wakati kinu kilikuwa kimeshatufanya tugongewe mlango mara mbili na bibi wa ghorofa ya kwanza, aliyetaka kujua kwa upole ni picha ngapi tulizobakiza kupigilia misumari. Barua ilikuwa na jina langu. Ilikuwa mistari miwili, mwandiko wa karani, na hakika ilisomwa kwanza mbele ya watu kumi na moja kabla ya kutiwa kwenye bahasha. "Shemeji, tumefurahi sana kusikia kwamba gari lipo na linakwenda. Dada anasema shida yake ni ndogo tu, ni kwamba haliwaki mpaka alitwange, na kwamba hata wewe ameona dalili hizo hizo."